Kasuku Hawapiti Tena

Juu ya Fizi, tarehe 6 Februari 2023

Mudogo wangu Saumu,

Unisalimie batoto na shemeji Mahmudu. Barua hii nimeipatia Mama Godelieve, anashuka Baraka na maharagi yake. Simu hakuna. Antene imezimika tangu Noeli, banasema mashine imekosa mafuta ya mazutu, na sisi ba huku juu tumerudi kwa karatasi kama wakati wa baba.

Aline, unisamehe, nikiwa na woga jina lako la utoto, la mbele ya ndoa, njo linatoka la kwanza. Henri hajarudi.

Alitoka tarehe kumi na moja ya mwezi wa kwanza. Aliniambia, "Siku kumi tu, Ana." Leo ni siku ya ishirini na sita. Alienda na banaume babili ba Lweba benye mi sibajui. Balipita hapa asubui, bakakunywa chai bakiwa bamesimama, ata majina sikubauliza. Balikuwa na kamba, shoka, na sufuria ya ulimbo, ile gundi ya utomvu yenye bwana yangu anapaka kwa matawi ili ndege ashikwe miguu. Balisema banaenda musitu wa Alenge, nyuma ya mito miwili, fasi Henri hajafika ata siku moja.

Unajua juu ya nini ameenda mbali hivyo? Ni juu hapa kasuku bameisha. Mwaka ule niliolewa, bakipita asubui kuelekea migazi, ile michikichi, tulikuwa tunaacha kuongea mupaka bapite, juu hatukusikilizana. Baba alikuwa anatutuma shambani na masufuria tupige kelele basikule mahindi. Henri alishika kumi kwa siku bila kutoka kijijini. Halafu ikakuwa batano. Halafu ikakuwa mwendo wa siku muzima apate babili. Tangu mwaka juzi sijasikia ata mumoja.

Sasa kuna tajiri wa Baraka ameagiza ishirini. Henri alikataa kunitajia jina. Alisema, "Nikikutajia, utashuka kumugombeza." Bwana yako anajua benye maboti bote. Muulize nani alimutuma Henri Alenge, na amesikia nini. Sokoni Fizi banasema kule kulisikika masasi ya bunduki. Mutoto wangu Rosette ameniuliza kama Alenge ni mbali kupita Uvira. Nilisema hapana. Sijui.

Yaya yako,
Anastasie


Baraka, tarehe 12 Februari 2023

Yaya wangu, dada yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia jana, Mama Godelieve akiwa bado na vumbi la njia usoni. Nimeisoma mara tatu. Pole, yaya. Najua unavyokaa na jambo moyoni mpaka unasahau kula. Tafadhali kula.

Nimemuuliza Mahmudu. Anasema huyo tajiri hamjui. Anasema siku hizi wanapita wengi hapa bandarini, wananunua, wanavuka ziwa, na hakuna anayemuuliza mwenzake jina. Anasema tena mvua za mwaka huu zimejaza mito, na mtu aliye ng'ambo hana la kufanya ila kusubiri maji yashuke. Mimi naona ni kweli. Kuchelewa si kupotea. Maneno ya sokoni uyaache sokoni.

Halafu Henri si mtoto, na Eddy amezoea njia za kule miaka mingi, hatamwacha peke yake.

Nakuletea sabuni, chumvi, na ndagala wa kukauka. Ningetaka uje ukae kwangu siku chache upumzike, lakini wiki hizi nyumba ya nyuma inatengenezwa na hakuna pa kulala. Usije kwanza. Nitakuambia wakati ukifika, inshallah.

Niandikie ukipata habari yoyote. Yoyote, yaya, hata ndogo.

Mdogo wako,
Saumu


Juu ya Fizi, tarehe 17 Februari 2023

Saumu,

Eddy ni nani?

Mi nilikuandikia banaume babili ba Lweba. Jina sikuandika juu sikuwa na jina. Nimesoma ile fasi, nikarudisha karatasi ndani ya bahasha, nikaitoa tena nione kama macho yangu njo yalikosea. Leo asubui nimemukuta mama mumoja wa Lweba hapa sokoni, nikamuuliza. Akajibu, "Ndiyo, Eddy wa kwetu iko musituni, na mwenzake Uledi." Basi we ulimujulia wapi?

Na nyumba yako ya nyuma. Mama Godelieve anasema hakuona fundi, hakuona tofali. Aliona mukeka umefungwa kwa mulango, na ndani kulikuwa sauti. Anasema alikuuliza, ukamujibu ni kuku. Saumu, Mama Godelieve amezaliwa huku. Yeye pia alikuwa anapiga sufuria shambani. Kuku hailii vile.

Sina nguvu ya kukugombeza. Leo ni siku ya thelathini na saba. Usiku sisikilizi tena mulango, nasikiliza mbwa, juu mbwa atamusikia mbele yangu. Jirani yetu Adolphine amekuja jana na bamama ba kanisa, bakakaa chini kwa mukeka bila kuongea, vile tunakaa kwa matanga. Nilibafukuza. Kesho itabidi niombe musamaha.

Kama unajua kitu, andika. Kama ni kibaya, andika vile vile. Mbaya yenye najua nitaibeba.

Anastasie


Baraka, tarehe 21 Februari 2023

Yaya,

Ni Mahmudu. Tajiri ni Mahmudu.

Nimeandika mstari huo kwanza ili nisipate nafasi ya kuuzunguka. Ni mwaka wa tatu sasa. Wanaletwa kutoka milimani ndani ya vikapu, wanakaa nyumba ya nyuma mpaka boti ijae, halafu wanavushwa. Ng'ambo sijui wanakwenda wapi. Mahmudu anasema wengine wanapanda ndege, mpaka nchi za Waarabu, wanafugwa kwa sababu wanaweza kusema kama watu. Kwangu hawasemi. Wanapiga kelele siku mbili, halafu wananyamaza, na wakinyamaza najua asubuhi nitakuta waliokufa. Yaya, wanakufa wengi kuliko wanaovuka. Nawazika chini ya migomba nikiwa nimefunga mlango wa uani ili watoto wasione. Niliona haya kukuambia. Kila ulipotaka kuja nilitafuta sababu: mafua, wageni, sasa mafundi.

Na mimi nilinyamaza kwa sababu nyingine. Tangu mwaka jana wawindaji wake wanarudi na wawili watatu tu, wengine mikono mitupu. Nilisikia akimwambia Henri hapa uani, "Shemeji, kama hawako Alenge, hawako tena popote huku kwetu. Nenda uone." Nilikuwa na birika mkononi. Ningeweza kusema, "Usiende." Niliwamiminia chai.

Sasa sikiliza vizuri. Eddy amefika jana, peke yake, na homa. Henri alianguka kutoka juu ya mti. Mguu umevunjika chini ya goti. Uledi amebaki naye, wamejenga kibanda cha majani karibu na mto wa pili. Eddy anasema alipowaacha Henri alikuwa anaongea na anakula. Lakini hizo ni siku nane zilizopita, yaya, na sitaki kukuongezea wala kukupunguzia.

Mahmudu alisema atatuma watu wiki ijayo, barabara ikikauka. Nikamwambia, "Kaka yangu mkubwa sina. Baba amekufa. Henri ndiye aliyesimama siku unanioa. Ukituma watu badala ya kwenda mwenyewe, mimi nakwenda kwa mama yako leo hii, namweleza mbele ya ndugu zako wote kilicho nyumba ya nyuma."

Akasema, "Unanitisha mimi?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

Akauliza viatu vyake vya mvua viko wapi. Ameondoka asubuhi ya leo na wanaume wanne na mbao za kutengeneza tipoyi ya kumbebea. Atapita kwako. Mpe maji, hata kama hutaki kumwona.

Barua hii naipa motard wa kwanza wa pikipiki anayepanda Fizi.

Mdogo wako, kama bado unataka,
Saumu


Juu ya Fizi, tarehe 8 Marsi 2023

Mudogo wangu,

Henri iko ndani ya nyumba. Amefika siku ya Jumapili, ndani ya tipoyi, Mahmudu mwenyewe akibeba upande wa mbele, mabega yamechubuka yanatoka damu. Mguu ulikuwa umeanza kuunga upande. Muganga wa kituo ameuvunja tena ili aunyooshe. Anasema atatembea, lakini hatapanda tena ata kilima. Niko naandika huku namusikia anahema, na hiyo sauti inanitosha kwa leo.

Mahmudu alipopita kwenda, nilimupa maji. Aliporudi naye, nilimufunga mabega na kitambaa.

Henri amenieleza kidogo kidogo. Nakuandikia vile alisema.

"Tulitembea siku kumi na nne, Ana, bonde kwa bonde. Asubui tunasimama tusikilize, kimya. Magaribi, kimya. Miti mikubwa yenye matundu tuliikuta imelala chini. Benye balitutangulia hawakupanda, balikata. Balichukua batoto ba kasuku, na nyumba ikaenda na batoto. Ata kama mukubwa alibaki, atataga wapi? Kwa siku ya kumi na tano, nikasikia mulio. Nililia, Ana. Si kwa huruma. Kwa furaha ya kazi."

Balikuwa babili tu, dume na jike, na kiota juu kabisa. Dume alishikwa kwa ulimbo, akapigana na gundi mupaka akakufa. Jike hakukaribia ulimbo. Henri akapanda kuchukua batoto, jike akamurukia usoni, njo akaanguka. Eddy akaona hakuna wa kupanda tena, akakata muti. Batoto batatu bakakufa chini yake. Henri alikuwa amelala pale, mguu umekunjamana, na jike akakuja siku tatu, anazunguka juu ya ule muti anaita. Siku ya tatu akatua kwa shina, amechoka, na Eddy akamufunika na shati.

"Ananiangalia, mi namuangalia," Henri alisema. "Na hakuna mwingine alimuitika. Niliendelea kulala kule mupaka Mahmudu anafika, na sikusikia mwingine."

Sasa na mi nina yangu ya kukuambia, juu wewe umesema yako. Umewahi kujiuliza Henri alikuwa anabaita namna gani bashuke? Mi njo nilikuwa nafuga kasuku wa kuita. Miaka saba. Nilimukata manyoya ya mabawa na makasi yangu ya kushonea, nilimulisha ngazi, yale matunda ya mugazi, kwa mukono, alilala kwa kichwa cha kitanda chetu. Asubui Henri anamufunga kwa tawi lenye ulimbo, anapiga mulio, na benzake banashuka bakifikiri ni fasi nzuri. Alipokufa nilimulilia kuliko vile nililia ba wengine bote benye alibaita. Nilijua. Kila mwaka niliona banapunguka, na kila mwaka nilisema banahama tu, batarudi wakati wa ngazi.

Njo maana sitaki uniombe musamaha kama muntu mwenye kosa peke yake.

Lakini Eddy alishuka na yule jike. Iko kwako. Usimuache avuke ziwa.

Yaya yako,
Anastasie


Baraka, tarehe 15 Machi 2023

Yaya,

Sijui kama nimefanya vizuri. Soma, halafu uniambie.

Ndiyo, yuko kwangu. Alikuwa kwenye kikapu cha mwisho, peke yake. Mahmudu aliporudi kutoka kwenu hakuingia nyumba ya nyuma hata mara moja. Anakaa barazani, anajibu akiulizwa, basi. Nilidhani yameisha. Lakini jana akaja yule mtu wa ng'ambo anayewachukua, na mwenzake aliyebaki kwenye boti na injini inaunguruma. Aliingia uani bila kubisha hodi. Alikuwa amesikia bandarini kwamba kuna mmoja.

Mahmudu alibaki amekaa barazani. Mtu yule anajua mambo yake yote ya miaka mitatu, na akitaka kumchongea kwa wakubwa wa mazingira, neno moja linatosha.

Nikasema mimi. "Amekufa asubuhi."

Akaniangalia. "Uko wapi mzoga? Hata kichwa na mkia vina mtu wa kuvinunua."

"Nimeuzika."

Akamgeukia Mahmudu. "Mke wako anasema kweli?"

Na kikapu kilikuwa nyuma ya ukuta, hatua tano. Kama angelia mara moja tu! Nilikuwa nasoma dua zote ninazozijua. Mahmudu akasimama, akasema polepole, "Amekufa. Na wengine hakuna. Usirudi tena kwa kazi hiyo, hakuna cha kuchukua huku."

Mtu huyo alizunguka uani, akapiga teke udongo chini ya migomba, akaona kweli kuna mahali pamefukuliwa. Alikwenda. Mahmudu akakaa chini palepale kwenye udongo. Aliniuliza, "Ulijifunza wapi kudanganya hivyo?" Nikamwambia, "Kwako." Hakukasirika.

Ndege huyu hawezi kuruka. Eddy alimkata mabawa. Manyoya yatarudi, lakini polepole, labda mpaka mwisho wa mwaka. Hapa hawezi kukaa, watoto wa jirani wanachungulia. Basi Mama Godelieve anapanda naye leo ndani ya kapu, amefunikwa kitenge, juu yake vitunguu. Naogopa kile kizuizi cha barabarani, barrière ya Mutambala, wale askari wanapenda kuchokonoa mizigo. Nimempa sukari ya kuwapa. Mpaka nipate barua yako sitalala vizuri.

Nimemwambia Mahmudu atengeneze nyumba ya nyuma kweli, apige sakafu, aweke dirisha. Ameanza.

Saumu


Juu ya Fizi, tarehe 3 Desemba 2023

Mudogo wangu mupendwa,

Muvua imekata barabara mwezi muzima na Mama Godelieve alikuwa na magonjwa, njo maana tangu mwezi wa kumi hujapata barua. Leo anashuka na gari la wagombea, banabeba batu bure juu ya kampeni.

Mabawa ya yule jike yalirudi. Nilikuandikia kwamba mwezi wa saba alikuwa anaruka kutoka meza mupaka dirisha. Mwezi wa kumi na moja alikuwa anazunguka nyumba, anatua kwa mabati. Sikumupa jina. Rosette alitaka, nikakataa. Henri kila siku alikuwa anamuangalia kutoka kwa kitanda. Anatembea na fimbo sasa, lakini mwisho wake ni mulango, na hapandi tena kilima.

Jumapili iliyopita nilimubeba ndani ya kapu mupaka juu ya kilima, pale migazi ya zamani inaanza. Nilifikiri niko peke yangu. Lakini Rosette alikuwa ameambia benzake, na batoto bakaambia bamama, na nikigeuka nyuma naona njia imejaa. Adolphine alikuja na mutoto mugongoni. Benye balikuwa bamevaa nguo za misa balikuja nazo. Batu sitini hivi, Saumu, kuangalia kasuku mumoja! Ndege mwenye zamani tulikuwa tunamutupia mawe.

Mutoto mumoja akauliza, "Hii ni ndege gani?" Na mama yake, mwenye anaweza kuwa na miaka ishirini, akaangalia wengine ili bamujibie.

Nilifungua. Hakutoka mara moja. Halafu akapanda juu ya ukingo wa kapu, akanyoosha bawa moja, akanyoosha la pili, akaenda. Akatua kwa mugazi murefu na akaita. Mulio ule ule wa zamani, wenye kuteremka mwishoni. Bazee baligeuza vichwa upande wa Alenge, kila mumoja, bila kuambiana, vile tulikuwa tunafanya zamani kungojea kundi lijibu.

Aliita tena. Tulingoja. Aliita mara nyingi, sijui ngapi, na kila mara ananyamaza, ananyoosha shingo, anasikiliza. Halafu akaruka kuelekea musituni, chini ya mawingu, na hatukumuona tena. Hakuna mwenye alipiga makofi. Tulishuka mumoja mumoja.

Henri alikuwa kwa mulango, ameshika fimbo na mikono yote miwili. Alisikia kuita kwake, upepo ulikuwa unateremka. Lakini sauti yenye kutoka mbali hangeweza kuisikia kutoka pale nyumbani.

Akaniuliza, "Bamemuitika?"

Nilibadilisha kitambaa kichwani. Niliweka kapu chini.

"Bamemuitika," nikasema. "Ng'ambo ya mto. Babili, labda batatu."

Akakaa kwa kiti. Alifunika uso na mukono, akakaa vile mupaka chakula kikaiva. Halafu akala yote.

Saumu, mi njo nilikulazimisha uniandikie kweli, nami namudanganya bwana yangu ndani ya nyumba yangu. Rosette alikuwa pale, alisikia vile nilijibu. Aliniangalia, akaenda kuchota maji. Nimebaambia jirani bote bamujibu vile nilijibu, na bote bamekubali.

Ukikuja kwa Bonane ya mwaka mupya na Mahmudu, Henri atawauliza kama njiani mulisikia kasuku. Atawauliza mbele ya kuwasalimia. Museme mulibasikia.

Yaya yako,
Anastasie